Picha elfu nne za samaki: anza na namba, jina litafuata

Swali: Kikundi chetu cha wafugaji wa samaki wa mapambo kina picha zipatazo elfu nne, zilizokusanywa kwa miaka minane na wanachama mbalimbali. Tunataka kuziweka mtandaoni ili mfugaji mwenye samaki asiyemjua aweze kumtafuta na kumtambua. Kazi nimekabidhiwa mimi. Nilianza kupanga folda kwa majina ya kisayansi, lakini kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa: majina yanabadilika, picha nyingine hazijulikani zilipigwa na nani, na nyingine samaki mwenyewe hatumjui. Nianzie wapi, na nifanyeje ili kazi isife baada ya mwaka mmoja?

Jibu: Ndugu yangu, sitisha kwanza hizo folda. Ulichokwisha kufanya usikifute, ila usiendelee. Wingi wa picha sio unaokuchanganya. Umelifanya jina la kisayansi kuwa msumari wa kutundikia kila kitu, na msumari huo hautulii ukutani.

Chukua wale kambare wadogo wa Corydoras, ambao bila shaka mnao wengi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha uchambuzi mpya wa ukoo wao, jenasi moja (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ikagawanywa, na spishi nyingi zikahamia Hoplisoma, Osteogaster, Brochis na Gastrodermus. Yule panda tuliyemjua kwa jina la Corydoras panda tangu alipoelezwa mwaka 1971 sasa anaandikwa Hoplisoma panda. Barbi wa milia, Puntigrus tetrazona, alipata jenasi hiyo mwaka 2013 tu. Kabla ya hapo vitabu vilimwita Barbus, kisha Puntius. Danio rerio alielezwa na Hamilton mwaka 1822 akiwa ndani ya Cyprinus, akaishi miaka mingi kama Brachydanio, halafu akarudishwa kwenye Danio. Kwa mwenye folda za majina, kila badiliko la namna hii ni kuhamisha mafaili, na kila faili likihama, viungo vyote vilivyokuwa vikielekea kwake vinakufa.

Kwa hiyo kila picha ipe namba. Namba tupu, kwa mfano 000001, 000002, na kuendelea, isiyobeba maana yoyote ndani yake. Namba hiyo ndiyo iwe jina la faili na ndiyo iwe anwani ya ukurasa wa picha. Haibadiliki jina la samaki likibadilika, haibadiliki mkigundua mlimtambua vibaya, na picha ikifutwa namba yake haipewi picha nyingine. Jina la samaki linakaa kwenye jedwali, mahali linapoweza kusahihishwa kwa dakika moja bila kugusa faili hata moja. Ukishika hili moja tu katika jibu langu lote, nusu ya usumbufu wako utakuwa umeisha.

Wafugaji wenyewe walifikia suluhisho kama hili zamani. Mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuchapisha picha za kambare wenye mdomo wa kufyonza, wale wa familia ya Loricariidae, waliokuwa wakiingia sokoni kwa kasi ambayo wanasayansi hawakuweza kuifuata. Kila mmoja alipewa herufi L na namba. Yule mwenye mistari meusi na meupe alijulikana kwa L046 kabla Isbrücker na Nijssen hawajamwita Hypancistrus zebra mwaka 1991, na hadi leo mfugaji ukimtajia L046 anajua unamzungumzia nani. Lakini mfumo huo una funzo la pili. Samaki huyohuyo alipewa pia namba L098, kwa sababu namba zilitolewa kwa kile kilichoonekana kuwa aina mpya, na macho yakakosea. Ninyi namba yenu isiseme "hii ni aina fulani." Iseme tu "hii ni picha fulani."

Kisha weka namba ya pili, ya samaki mwenyewe. Watu wengi huona hili ni kazi ya ziada, nami nakuomba usiliruke. Samaki mmoja hupigwa picha akiwa mdogo, akiwa mkubwa, akiwa na rangi za kutaga, akiwa amepauka kwa hofu. Picha hizo zikifungwa pamoja kwa namba ya samaki, mna kitu ambacho hata vitabu vizuri havina: maisha ya mnyama mmoja kwa picha. Samaki wa baharini aitwaye Pomacanthus imperator akiwa mdogo ana pete nyeupe na za buluu juu ya mwili mweusi unaoelekea buluu; akikua anakuwa na mistari ya njano kutoka kichwani hadi mkiani. Wanasayansi wa zamani waliwahi kumpa mdogo jina lake kama spishi nyingine kabisa. Msururu wa picha za samaki mmoja akibadilika mbele ya kioo ungemaliza ubishi huo.

Sasa jedwali. Lahajedwali la kawaida linatosha kuanzia. Usikimbilie kununua programu. Kila picha ipate mstari wake, na safu ziwe hizi: namba ya picha, namba ya samaki, mpiga picha, tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, dume au jike, urefu wa takriban, ametoka wapi, ametambuliwa kuwa nani, na nani aliyemtambua, lini na kwa ushahidi gani, halafu leseni. Tarehe iandikwe 2024-03-15 daima, maana ndivyo kompyuta itakavyoipanga sawasawa bila kuambiwa.

Safu ya "ametoka wapi" ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiacha tupu. Tropheus wa Ziwa Tanganyika hubadilika rangi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, na mfugaji makini hachanganyi wa sehemu hii na wa sehemu ile. Wafugaji wa Nothobranchius, wale samaki wa madimbwi ya msimu, hubeba msimbo wa mahali na mwaka wa kukusanywa kizazi baada ya kizazi, kama mtu anavyobeba jina la ukoo. Taarifa hiyo ikipotea hairudi. Huwezi kumkodolea samaki macho ukaisoma kwenye magamba yake. Kwa hiyo andika kile mwenye samaki alichokuambia: alivuliwa porini mahali fulani, alizalishwa na mfugaji fulani kutoka kwa wazazi wa mahali fulani, au alinunuliwa dukani na asili yake haifahamiki. Usikisie hata kidogo. Na utofautishe "haijulikani" na kisanduku kitupu: neno "haijulikani" linamaanisha mliuliza mkakosa jibu, kisanduku kitupu kinamaanisha bado hamjauliza. Baada ya miaka mitano tofauti hiyo itakuokolea simu nyingi.

Kuhusu wale msiowajua, wala msione haya. Nawashauri muwe na ngazi tatu. "Imethibitishwa" ni pale mtu anayeifahamu jamii ile ameiona picha na kueleza alama alizozitumia. "Inadhaniwa" ni pale mwenye samaki anaamini jina alilopewa dukani, basi. "Haijatambuliwa" ni pale hakuna anayejua. Ngazi hiyo ionekane wazi chini ya kila picha, kwa maandishi yaleyale yanayobeba jina. Mfugaji anayekuja kutafuta ana haki ya kujua kama jina analolisoma limepimwa au limesikika tu. Binafsi naona hazina yenye picha mia tisa "haijatambuliwa" ni ya kuaminika kuliko ile ambayo kila samaki ana jina, kwa kuwa najua jinsi ilivyo vigumu kutofautisha jamaa wengi kwa picha peke yake. Wapo ambao hutambulika kwa kuhesabu miiba migumu na laini ya mapezi, na wapo ambao hata hiyo haitoshi.

Kwa majina yenyewe, chagueni mamlaka moja na muifuate. Mimi nafuata Eschmeyer's Catalog of Fishes ya California Academy of Sciences, ambayo husasishwa mara kwa mara, na kwa maisha na maumbile ya samaki nageukia FishBase, hifadhidata ya samaki iliyoko mtandaoni. Ninakili jina kama lilivyo pamoja na mabano yake, maana mabano yana kazi: Paracheirodon innesi (Myers, 1936) ina mabano kwa sababu Myers, mwanasayansi aliyemweleza, alimweka katika Hyphessobrycon, na baadaye akahamishwa. Msipige kura juu ya jina. Pale wataalamu wenyewe wamegawanyika, kama wale samaki waitwao mbuna wa Ziwa Malawi ambao wengine huwaita Maylandia na wengine Metriaclima, fuateni mamlaka yenu na jina la pili liwekeni kwenye orodha ya majina mengine.

Orodha hiyo ya majina mengine iwe jedwali la pembeni: kila jina la zamani, la sokoni, la mtaani au lenye makosa ya tahajia yaliyozoeleka, likielekeza kwa jina linalotumika sasa. Mwaka 2006 picha za samaki mdogo kutoka Myanmar, mwenye madoa kama lulu, zilienea mtandaoni kwa jina la sokoni la galaxy rasbora kabla mwanasayansi yeyote hajamwandika. Mwaka 2007 Tyson Roberts akamwita Celestichthys margaritatus, na mwaka uliofuata akahamishiwa Danio. Anayemtafuta leo anaweza kuja na jina lolote kati ya hayo matatu, na yote yamfikishe kwenye ukurasa uleule. Ikiwa mna jina la samaki kwa lugha za wanachama wenu, liingie humo pia.

Chotara wawe na sehemu yao. Flowerhorn si spishi, na Aulonocara wengi wa madukani wamechanganyika kiasi kwamba kuwapa jina la spishi ni kumdanganya msomaji. Wale waliochaguliwa kwa rangi au mapezi marefu lakini ni wa spishi moja, waandikeni kwa jina la spishi likifuatiwa na umbo lao.

Nije kwenye picha zenyewe. Kati ya elfu nne, nyingi zinafanana. Msichague kwa uzuri peke yake. Picha nzuri ya kutambulia humwonyesha samaki mzima kwa ubavu, mapezi yakiwa yamefunguka, bila mmea kumkata katikati. Kwa kila aina tafuteni dume, jike na mdogo, kisha picha ya kichwa kwa karibu kama ipo. Wanasayansi wa samaki kwa desturi huonyesha ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea kushoto, na mkiwa na chaguo fuateni hivyo ili picha zilinganishwe kwa urahisi. Lakini nakusihi, samaki aliyeelekea kulia msimgeuze kwa kompyuta. Katika Ziwa Tanganyika kuna Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenzake, ambaye mdomo wake umepinda upande: wengine kulia, wengine kushoto. Picha yake ikigeuzwa inakuwa uongo, na hakuna atakayegundua. Hata kwa samaki wa kawaida, madoa ya ubavu mmoja si sawa na ya ubavu wa pili, na ndiyo mnayoyatumia kumjua samaki mmoja mmoja.

Rangi nazo msizikoleze. Najua jinsi inavyovutia kusogeza kile kitufe kidogo mpaka nyekundu iwake, ila anayelinganisha samaki wake na picha yenu ataona wake ni mgonjwa. Rekebisheni weupe wa mwanga, hasa kwa matangi ya baharini yenye taa za buluu, kisha mwishie hapo.

Kwa picha mpya, maelekezo mafupi kwa wanachama yatasaidia. Wasafishe kioo ndani na nje. Wazime taa za chumba ili kioo kisirudishe sura ya mpiga picha. Kamera ielekee kioo moja kwa moja, kwa sababu ikiinama mwanga hupinda kwenye maji na kioo, na picha hufifia na kupata kingo za rangi. Flashi ikiwepo itoke juu ya tangi badala ya kwenye kamera. Kasi ya shata isipungue 1/125 ya sekunde, na picha ikitoka na mistari ya giza chini ya taa za LED, wapunguze kasi kidogo hadi mistari iondoke.

Faili la asili lihifadhiwe kama lilivyotoka kwenye kamera, lisiguswe kamwe. Nakala ya mtandaoni itengenezwe kutoka kwake: upande mrefu pikseli 1600 inatosha kuona magamba, na ya orodha pikseli 400. Kila unapofungua picha ya JPEG, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, inapoteza kitu, kwa hiyo masahihisho yaanzie kwenye asili daima. Kabla ya kupandisha, ondoeni taarifa za GPS zilizofichwa ndani ya faili. Simu huandika mahali picha ilipopigwa, na mahali hapo mara nyingi ni sebuleni kwa mwanachama wenu, mwenye samaki wa bei. Kwa samaki wa porini, hususan wachache na wanaotafutwa, tajeni mto au wilaya bila kutaja dimbwi lenyewe. Yule danio wa Myanmar alivuliwa kwa fujo mara tu alipopata umaarufu. Baadaye aligunduliwa sehemu nyingine pia, lakini si kila samaki ana akiba ya namna hiyo.

Sasa lile la picha zisizojulikana ni za nani. Picha ni mali ya aliyeipiga. Uanachama haumpokonyi haki hiyo, na mwenye samaki si lazima awe mwenye picha. Picha ambayo mmeshindwa kabisa kumpata mwenyewe ibaki kwenye hifadhi yenu, isiende mtandaoni. Niliwahi kukubali picha kadhaa nzuri mno kutoka kwa mtu aliyeamini ni zake kwa kuwa zilikuwa kwenye kompyuta yake. Zilikuwa za mpiga picha mwingine, aliyeniandikia kwa masikitiko, na alikuwa na haki. Nilizitoa siku hiyohiyo, na tangu hapo sipokei picha bila sentensi mbili kutoka kwa mtumaji: "Nimeipiga mimi" na "naruhusu itumike kwa leseni hii."

Leseni ziwe za Creative Commons, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 2002 na zinaeleweka kila mahali. Waelezeni wanachama jambo moja kabla hawajakubali: leseni hizi zikishatolewa haziwezi kufutwa. Mwanachama anaweza kuiomba picha yake iondolewe kwenu, nanyi muiondoe, lakini aliyekwisha kuichukua kwa masharti ya leseni anaruhusiwa kuendelea kuitumia. Anayetaka picha isitumike kibiashara achague BY-NC (kutaja jina la mpiga picha, bila biashara), akijua kwamba picha hiyo haitapokelewa Wikimedia Commons, hazina ya picha huru inayotumiwa na Wikipedia. Mimi hupendelea BY, inayodai kutajwa jina tu, kwa sababu nimeona picha za wafugaji zikifika kwenye vitabu vya shule na majina yao yakiwa chini yake. Chaguo ni la mpiga picha, hata hivyo, na kila picha inaweza kuwa na leseni yake.

Utaulizwa kuhusu kuchapa jina katikati ya picha ili isiibiwe. Kataa. Jina likipita juu ya pezi la mgongo, picha imekufa kwa kazi yake. Liwekeni kwenye ukanda mwembamba chini ya samaki, na pia ndani ya taarifa za faili kwenye sehemu ya hakimiliki.

Uhai wa kazi hii unategemea mambo mawili: nakala na watu. Mwaka 2017 huduma moja kubwa ya kuhifadhi picha ilibadilisha masharti yake, na kurasa zisizohesabika za wafugaji duniani zikabaki na visanduku vitupu mahali palipokuwa na samaki. Wengi hawakuwa na mafaili ya asili. Shikeni kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, juu ya aina mbili tofauti za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Jedwali nalo lihesabiwe kuwa sehemu ya nakala, likitolewa kwa maandishi tupu ya CSV ambayo programu yoyote itayasoma, kwani picha elfu nne bila jedwali ni mafumbo elfu nne. Mara mbili kwa mwaka jaribuni kurudisha picha ishirini kutoka kwenye nakala. Nimeona diski iliyotunzwa kwa uangalifu mkubwa ambayo siku ilipohitajika haikufunguka. Nywila na malipo ya jina la tovuti viwe mikononi mwa watu wawili au zaidi.

Na matengenezo ya kila siku yawe madogo. Picha mpya ziingie kwenye foleni, zisionekane hadharani mpaka mstari wake wa jedwali ukamilike. Chini ya kila picha kuwe na mahali pa msomaji kuandika "nadhani huyu ni fulani, kwa sababu ya alama hii." Anayetaja alama asikilizwe hata kama ni mgeni kabisa. Jina likibadilishwa, la zamani lisifutwe: andikeni lini lilibadilika, nani alilibadilisha na kwa nini. Picha zikizidi uwezo wenu wa kuziandikia, fungeni mlango wa kupokea kwa mwezi mmoja. Watumaji wataelewa mkiwaambia sababu.

Usianze na elfu nne. Chukua hamsini, za mpiga picha mmoja aliye hai, anayepatikana na anayekumbuka. Kaa naye mchana mmoja mjaze jedwali pamoja, mkianza na "ametoka wapi." Utagundua safu zipi nimezisahau na zipi kwenu hazina kazi. Nitumie mistari hiyo hamsini kabla hujapandisha picha hata moja, nami nitaisoma yote.